Abiria wa Farasi Wangu

Mtoto wa kwanza kumpanda farasi wangu hapa kwetu alikanyaga stuli, akapita juu ya tandiko, akajisogeza mpaka nyuma kabisa, akakaa kiupande juu ya makalio ya mnyama, miguu yote miwili ikining'inia kushoto. Alivuta sketi ikafunika magoti. Akashika ukingo wa tandiko kwa mkono mmoja, akatazama mbele kama mtu aliyekwisha kupatana bei, kisha akasema, "Twende."

"Twende na nani?" nikamuuliza.

"Na dereva. Dereva iko wapi?"

Mimi si mtu wa subira. Mama yangu husema nilizaliwa nikigomba, na kwamba mkunga hakuwa amenikosea kitu. Nilimshusha yule msichana, nikampandisha mwenzake, mvulana mnene aliyekuwa akijigamba tangu asubuhi kwamba amewahi kupanda fahali. Naye akalipita tandiko kana kwamba lina moto, akakaa nyuma, akaweka mikono mapajani, akasubiri. Wa tatu vilevile. Kufikia adhuhuri nusu ya watoto wa kijiji walikuwa wamempanda farasi, na tandiko langu la ngozi, ambalo nilikuwa nimelipeleka mpaka Tororo kwa fundi viatu akalishone upya, halikuwa limekaliwa na mtu.

Farasi mwingine angewarusha teke mpaka Lunyo. Wangu alikuwa mzee. Alishusha pumzi, akajamba kwa kirefu, akaendelea kutafuna nyasi zake.

Nieleze farasi alifikaje hapa, maana watu wa kwetu wanafuga ng'ombe, mbuzi na kuku, na farasi wanamwona kwenye kalenda tu. Nilifanya kazi miaka mingi Nairobi, katika shule moja ya kufundisha watoto kupanda farasi, ile mitaa ambayo ukuta ni mrefu kuliko nyumba. Nilianza kwa kuzoa mavi. Nikapanda cheo nikashika kamba, mwisho nikawa nawafundisha watoto wanaoanza, wengi wao watoto wa mabalozi, waliokuwa wakija na kofia ngumu, glavu, na dereva anayewasubiri kwenye gari huku akisinzia. Mwenye shule alipofunga na kurudi kwao, aligawa mali yake. Wengine walipewa meza na makabati. Mimi nilipewa farasi mzee kuliko wote, na tandiko lake.

Nilimleta Busia, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, kwenye lori la ng'ombe. Mpakani daktari wa mifugo alimkagua meno, macho, kwato, akamwinua mkia. Mimi niliulizwa tu ninaelekea wapi. "Nyumbani," nikasema, na sauti ikanitoka vibaya kidogo, kwa sababu binti yangu alikuwa amesimama kando yangu na neno hilo lilimfanya atazame nyuma, tulikotoka.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi, na yeye ndiye habari yenyewe. Alizaliwa Nairobi. Baba yake alifariki mtoto angali mchanga, na wifi yangu, dada ya marehemu, ndiye aliyekuwa akimchukua shuleni nilipokuwa kazini, akimsuka, akimpikia. Wifi yangu hana mtoto. Nilipomwambia kwamba kazi imekwisha na tunarudi kwetu, hakupinga. Alikunja nguo za mtoto moja moja, akazipanga kwenye begi, akaniambia, "Akishindwa kuzoea, mrudishe kwangu. Usimlazimishe." Nikaahidi. Niliahidi mbele ya mtoto mwenyewe: shule zikifunguliwa kabla hujapata hata rafiki mmoja, utarudi kwa shangazi. Ilikuwa rahisi kusema hivyo nikiwa bado Nairobi.

Tulipofika nyumbani, karibu na Masinya, alianza kuishi kama mgeni anayesubiri basi. Alikula kimya, akaoga kimya, kisha akaenda kwenye kibanda cha farasi na kuongea huko mpaka giza linaingia. Watoto wa jirani walikuja kumchungulia siku za kwanza. Wakamsikia akiongea ile lugha yake ya Nairobi, wakacheka, wakamwita Mkenya, wakaenda zao. Begi lake lilikaa chini ya kitanda, limefungwa zipu.

Mama yangu alijaribu naye. Kwa kuwa mtoto hakujua Kisamia, lugha yetu, mama aliongea naye Kiswahili chake cha sokoni, na mtoto alimjibu kwa heshima, neno mojamoja, kama anayejaza fomu. "Huyu mtoto yako naongea na punda kuliko na mimi," mama akaniambia.

"Ni farasi, mama."

"Hata kama. Yeye najibu?"

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Likizo ilikuwa ndefu, lakini ilikuwa inakwenda, na nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja tu wa kuzeeka naye.

Ndipo nikatangaza darasa la kupanda farasi, kwa watoto wote, bure. Majirani walidhani nimepata wafadhili. Niliwaambia sitaki ujuzi wangu uozee ndani. Ukweli ni kwamba nilitaka watoto waje uani kwangu, wamkute binti yangu anajua kitu wasichokijua wao, wampende. Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na niliiona safi kabisa.

Basi siku hiyo ya kwanza, baada ya watoto wote kukaa nyuma na kumuulizia dereva, binti yangu alikuwa ameketi juu ya pipa, ameshika tama. "Mum, ona vile wanakaa," akasema kwa sauti ya kusikika. "Hawa watoi hawako serious."

Nikamwita aje awaonyeshe. Sijui nilifikiri nini. Aliruka kwenye tandiko bila stuli, akakusanya hatamu, akamtoa farasi mwendo wa mruko mruko kuzunguka shamba la mihogo, mgongo umenyooka, visigino chini, kila kitu kama nilivyomfundisha tangu ana miaka minne. Nilijivuna mpaka nikasahau kupumua. Alirudi, akashuka, akampigapiga farasi shingoni, akawatazama wenzake akingoja.

Walimtazama farasi, wakatazamana. Kisha yule msichana wa sketi, mwenye domo kuliko wote, mama yake anakaanga chapati njia panda, akasema, "Mkenya najidai." Wakaondoka wote. Binti yangu akaenda zake kibandani.

Sikukata tamaa. Nilijiambia tatizo ni kwamba somo limekuwa kavu. Kule Nairobi tulikuwa na michezo ya kuwafundisha wanaoanza, michezo mizuri ambayo hufanya mtoto ajifunze huku akicheka. Siku ya pili watoto walirudi, nadhani kwa sababu mtu alieneza habari kwamba farasi anajamba, nami nikaitoa michezo yangu yote.

Wa kwanza ulikuwa wa taa. Mwalimu akisema "nyekundu," mtoto anavuta hatamu, farasi anasimama. Akisema "kijani," wanakwenda. Msichana wa sketi alikuwa nyuma ya tandiko kama kawaida, nami ninamvuta farasi kwa kamba. Nikasema nyekundu. Akaniuliza nyekundu ya nini. Nikamweleza habari za taa za barabarani. Akanisikiliza kwa huruma, akasema, "Mama, huku kwetu gari nasimama kama askari imeweka mkono. Ama kama iko ng'ombe."

Wa pili ulikuwa wa yai na kijiko: mtoto anashika kijiko chenye yai huku farasi akitembea, asiliangushe, ili ajifunze kutulia. Nilichemsha yai, nikampa mvulana mnene. Tulizunguka uani, mimi nikitazama mbele na kuhesabu hatua kwa sauti kama nilivyozoea. Nilipogeuka, yai lilikuwa limemenywa taratibu na nusu yake haipo. Alimalizia nusu iliyobaki, akanirudishia kijiko, akasema, "Asante, mama. Chumvi hakuna?"

Wa tatu tuliuita kuzunguka dunia. Mtoto anageuka juu ya tandiko, mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka ametazama kila upande na kurudi mbele. Huo haukuanza kabisa, maana ili uzunguke tandikoni lazima kwanza uwe tandikoni. Nilipiga makelele. Nilimshika mtoto mmoja kiunoni nikamkalisha pale kwa nguvu, akajitoa akiwa na uso wa mtu aliyelazimishwa kuiba, akarudi nyuma.

Jioni nilimlalamikia mama. Alikuwa anachambua mboga na hakuinua macho. "Wewe umekaa Nairobi mpaka umekuwa mjinga," akasema. "Hiyo kiti ya mbele ni ya mwenye boda. Mtoto akikaa hapo, sisi napiga. Wewe nilikupiga mara ngapi juu ya baiskeli ya mjomba yako?"

Ilikuwa kweli. Mji huu wa Busia ndio uliolianzisha jambo lenyewe: zamani walikuwa wanaume wa baiskeli, wenye mto nyuma, wakiwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine na mizigo yao, kabla pikipiki hazijaja na jina la boda boda halijaenda kila mahali. Kila mtoto hapa anajua kukaa nyuma kabla hajajua kukaa kwenye dawati. Anajua kushika, kuinama kwenye kona, kukunja sketi isiingie kwenye gurudumu. Na anajua kwamba kiti cha mbele ni cha mtu mwingine, na ukikikalia bila ruhusa unatandikwa na mwenye pikipiki, halafu unatandikwa tena nyumbani. Nilikuwa nawagombeza watoto siku mbili kwa sababu wana adabu.

Kuelewa jambo hilo hakukunisaidia. Watoto bado hawakukaa tandikoni, binti yangu bado aliongea na farasi, na wifi yangu akapiga simu kuuliza kama aanze kumtafutia mtoto nafasi shuleni. Nikamwambia angoje kidogo. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo uliniudhi kuliko kama angefoka.

Siku iliyofuata nilikuwa jikoni nikizozana na mama kuhusu mahindi. Yeye alikuwa ameyaanika kwenye turubai, na farasi alikuwa amemaliza kona moja ya turubai hilo, na mama alitaka kujua mnyama asiyekamwa, asiyelima na asiyeliwa ana kazi gani katika dunia hii. Nilikuwa bado natafuta jibu nilipogundua kwamba uani kumekuwa na kelele za namna nyingine. Nikatoka na mwiko mkononi.

Watoto walikuwa wamepanga mstari kando ya mihogo, kama kwenye stegi, kituo cha boda boda, wengine na vifurushi vya majani kichwani. Farasi alikuwa anakuja kutoka upande wa choo. Mbele, kwenye tandiko, alikaa binti yangu, hatamu mkononi. Nyuma yake, kiupande, alikaa msichana wa sketi, amejitia nguo tumboni mpaka amefura.

"Dereva, pole pole!" alikuwa anapiga kelele. "Mimi iko na mimba!"

"Shika poa, mama, kuna kona!"

"Iko na mashimo! Wewe nakimbiza sana, wewe Mkenya! Mimi nazalia hapa!"

Sheria ya kwanza ya shule ile ya Nairobi ilikuwa mtoto mmoja, farasi mmoja. Niliitamka mwenyewe mara nyingi kuliko sala. Mtoto wa pili nyuma ya tandiko ni hatari, anaweza kuteleza, farasi anaweza kuchukia. Nikainua mwiko, nikawakimbilia, nikafungua mdomo kuwafokea.

Binti yangu akaniona. "Mathe!" akanipigia kelele. "Toka barabarani!"

Alikuwa anacheka. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu tuvuke mpaka. Nikatoka barabarani.

Farasi akapita mbele yangu, mwendo wake uleule wa kwenda kanisani. Wakafika stegi. Mwenye mimba akashuka, akatoa nauli, ambayo ilikuwa konzi ya majani mabichi, na nauli ikaenda moja kwa moja mdomoni mwa farasi. Mvulana mnene akajitokeza na kifurushi chake, akasema anakwenda Tororo. Binti yangu akasema Tororo ni mbali. Wakabishana. Mvulana akaongeza majani. Wakaondoka. Nilichofanya mimi ni kuweka mwiko chini, kushika kamba ya farasi na kutembea kando yao, tayari kumdaka atakayeanguka, na hakuanguka mtu. Watoto hawa walikuwa wanajua kukaa juu ya kitu kinachoyumba kuliko watoto wote wa mabalozi niliowahi kuwafundisha.

Kuanzia siku hiyo darasa halikuwa langu tena. Abiria anayekwenda Tororo kila siku hatimaye hutaka kuendesha mwenyewe, na wakaanza kumwomba binti yangu kiti cha mbele. Kwa kuwa sasa ruhusa ilitoka kwa mwenye boda, hakuna aliyeogopa kukikalia. Lakini yeye hakukitoa ovyo. Ilibidi upate leseni, na leseni ilikuwa mstari wa mkaa kwenye mkono, na mtihani ulikuwa michezo yangu yote ileile, ila imevaa nguo za nyumbani. Taa zikawa askari wa barabarani: msichana wa sketi alisimama katikati ya njia, akainua mkono, na asiyeweza kumsimamisha farasi kwa hatamu alinyimwa mkaa. Kuzunguka dunia kukawa kumtafuta mteja kwenye stegi yenye watu wengi, ukigeuka huku na huku juu ya tandiko bila kugusa chini. Na kijiko? Binti yangu aliwaambia mteja amekupa trei ya mayai uivushe mpaka Kenya. Niliwapa malimau, maana mayai nilishajifunza. Mvulana mnene alibeba limau lake juu ya kijiko kutoka kisimani hadi kibandani, jasho likimtoka, bila kupepesa macho, akafika nalo. Alilia kwa furaha. Mwenyewe alisema ni vumbi.

Hata mama alikuja. Alivaa gomesi, gauni lake refu la Jumapili, akabeba kikapu, akasema kama mnyama amekula mahindi yake basi ampeleke mahali. Tulimpandisha watu watatu. Alikaa kiupande nyuma ya mjukuu wake, akazungushwa uani, akalalamika kwamba chombo hakina kioo cha pembeni na kinanuka. Aliposhuka alimwambia binti yangu, "Wewe naendesha vizuri. Kesho tena," na akaingia ndani kabla hatujamcheka.

Nilifurahi, lakini sikuthubutu kufurahi sana. Kila jioni watoto walikwenda kwao na binti yangu alirudi kibandani. Nilijiuliza kama wanampenda yeye au wanampenda farasi. Farasi akifa je? Akichoka? Dereva bila chombo ni nani? Nilikuwa nimemnunulia mtoto wangu urafiki kwa miguu minne ya mzee mmoja mwenye meno mabovu, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Ijumaa ya mwisho nilimtandika farasi baada ya chakula cha mchana, nikamtoa uani, nikapanga malimau. Wifi yangu akapiga simu. Nikaingia chumbani kumsikiliza. Aliniambia ameshafua shuka za kitanda cha mtoto, na anaweza kupanda basi usiku huo amfuate. Aliuliza tena, kwa upole wake uleule, "Amepata mtu?"

Nikasema ngoja nimwite, aseme mwenyewe. Nikatoka na simu.

Farasi alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, tandiko mgongoni, hatamu imefungwa kwenye mti vizuri kama nilivyowafundisha, anakula limau na kukunja uso. Hapakuwa na mtoto hata mmoja karibu naye. Kisha nikasikia makelele nyuma ya nyumba, nikazunguka.

Walikuwa wanacheza kwepena, ule mchezo wa kurushiana mpira, na aliye katikati anakwepa. Mpira ulikuwa wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Binti yangu alikuwa katikati, miguu peku, vumbi mpaka kwenye nyusi, akibishana na kijiji kizima kwamba mpira haukumgusa. Msichana wa sketi alikuwa upande wake, anabishana zaidi yake, amemshika mkono na kuuinua juu kuonyesha mahali ambapo mpira haukugusa. Walikuwa wanapiga kelele wote wawili kwa pamoja na hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake.

Nikamwita jina lake. Hakusikia. Nikamwita tena, nikainua simu. "Shangazi yako!"

"Mwambie baadaye!" akajibu bila kugeuka, akaukwepa mpira, akaanguka, akainuka.

Nilirudisha simu sikioni. Kelele zote zilikuwa zimemfikia wifi yangu.

"Hiyo sauti ni yake?" akauliza.

"Ni yake."

"Huyo anayepiga kelele hivyo?"

"Huyohuyo."

Nikamsikia akivuta kamasi. "Kwangu hakuwahi kupiga kelele," akasema. "Alikuwa anakaa tu." Kisha akasema shuka atazitandika kitanda kingine, na kwamba atakuja wakati wa likizo kutuona, kama tuna nafasi.

Nikamwambia aje, nafasi ipo, na kwamba kuna mtu wa kumpokea stegi. Nikarudi kwa farasi, nikamfungua tandiko.